Shetani wa Riwaya Hajaua Mtu

Siku hizi huku Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ukitaka kuonekana mzazi mwema, laani kitabu. Si kitabu chochote, bali kile chenye jalada jeusi, mwanamume kifua wazi mwenye mabawa mgongoni, na jina la Kiingereza ambalo halikosi usiku, damu au dhambi. Ni hadithi za mapenzi baina ya binadamu na shetani, nazo huja kwa mfululizo, cha kwanza kikivuta cha pili hadi cha kumi. Wasichana wanazisoma kwenye simu wakivuka feri, wanazisoma kwenye matatu ya Shika Adabu, wanazisoma chini ya shuka taa zikishazimwa. Na kila mwenye kipaza sauti ana la kusema. Mhubiri wa Jumapili anasema vitabu hivyo ni mlango wa mapepo. Ustadhi wa darsa la kina mama anasema hivyo hivyo, na ni nadra wawili hao kukubaliana jambo. Mwalimu anasema vinakula wakati wa mtihani. Msomi wa kule kisiwani, asiyeamini mapepo wala milango yao, anasema ni takataka za Wazungu zisizotuhusu.

Nimewasikiliza wote wanne na sikubaliani na hata mmoja. Wa tatu na wa nne wanakosea kama watu wanavyokosea kila siku, hakuna atakayeumia. Wa kwanza na wa pili wanakosea kosa lenye makaburi, nami nitayataja.

Lakini kwanza huo mshtuko wenyewe. Mtu wa Pwani kushtuka eti binti anasoma habari za jini aliyempenda mwanamke! Wapi, Likoni? Kuanzia Mtongwe hadi Timbwani hakuna mtaa usio na nyumba iliyoambiwa kwamba binti yao haolewi kwa sababu ana jini mahaba. Dalili zake nyanya yeyote atakutajia bila kufikiri: binti hukataa wachumba, huota yuko na mume asiyemjua sura, huamka amechoka, na akiozwa kwa nguvu ndoa haimalizi mwaka. Dawa zake zinajulikana vilevile. Husomewa. Huandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Hilo likishindikana kuna safari ya Kwale kwa fundi, na ngoma, na chetezo cha ubani, mpaka mwenye kichwa chake apande na aseme anachotaka.

Na anachotaka hukisema kwa kirefu. Anataka pete ya fedha. Anataka kanga mpya, udi, marashi na sinia ya halua. Anataka mkewe asitukanwe na mawifi. Anataka asipelekwe kwa yule mzee mwenye lori mbili aliyekwisha kutoa posa. Wazee wa nyumba, ambao binti huyo angesema maneno hayo kwa ulimi wake wangemnyamazisha kwa kofi, hukaa chini mkekani, wakainamisha vichwa, wakauliza kwa adabu: "Bwana mkubwa, na kingine?" Watafiti wa mila za Pwani wamejaza vitabu juu ya jambo hili. Mimi naongeza neno moja tu: hiyo ni hadithi ya mapenzi ya shetani, kamili, ina mume mwenye wivu, ina vikwazo, ina masharti, ina machozi, na huchezwa hadharani huku watoto wa jirani wamejazana dirishani. Aliyekulia chini ya dirisha hilo asiniambie leo kwamba msichana mwenye simu ameleta balaa ngeni mtaani.

Wala wanavyuoni wetu hawakuwa waoga wa mada hii kama ustadhi wa kipaza sauti. Badr al-Din al-Shibli, mwanachuoni wa Sham aliyefariki 1367, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majini, na ndani yake akafungua mlango mzima kuuliza kama ndoa baina ya mtu na jini yawezekana na kama inafaa. Humo imenukuliwa kauli inayonasibishwa na Imam Malik. Aliulizwa juu ya jini aliyeleta posa. Akajibu kwa maana hii: upande wa dini haoni ubaya, lakini anachukia mwanamke aje kukutwa na mimba, aulizwe mumeo nani, aseme ni jini, na ufisadi ukazidi kwa njia hiyo. Tazama akili hiyo. Imam hakuogopa hadithi ya jini. Aliogopa jini atumiwe kufunika kitendo cha binadamu. Ningependa msomaji aliweke jambo hilo karibu, maana hoja yangu yote imesimama hapo.

Shaaban Robert naye alitupa *Adili na Nduguze* mwaka 1952, na vizazi vya watoto wa shule vikakisoma bila mtu kupandisha. Adili anatoswa baharini na nduguze kwa wivu, anaokolewa na Huria, binti wa kijini, naye Huria anawageuza wale ndugu kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Kuna jini mwenye hisia, mwenye deni la wema, mwenye hasira. Kisa chenyewe kina mizizi katika Alfu Lela Ulela, maana yake kimesafiri kutoka mbali kabla ya kufika kwetu. Hakuna mzazi aliyeandamana. Jalada halikuwa na kifua wazi, labda ndiyo sababu.

Sasa nikupelekeni saluni. Ni chumba kimoja cha mabati si mbali na barabara ya feri, kina viti vitatu vya plastiki na feni isiyozunguka. Mwanafunzi wa uuguzi anasukwa, kichwa kimekwisha nusu, simu iko mapajani. Anasoma *Pleasure Unbound* ya Larissa Ione, kitabu kilichotoka Marekani mwaka 2008, cha kwanza katika mfululizo uitwao *Demonica*. Kimeandikwa Kiingereza, yeye anawasimulia wenzake kwa Kiswahili kadiri anavyosoma, na msusi akifika mahali patamu mkono husita na nywele hungoja.

Kisa chenyewe ni hiki. Chini ya jiji la New York iko hospitali ya siri ya mashetani, ina madaktari, wauguzi, ambulensi na chumba cha upasuaji. Mkubwa wake ni Eidolon, daktari, shetani wa ukoo unaoishi kwa matamanio ya wanawake, na umri umemfikia wa kupata mke au kugeuka kuwa kitu kibaya zaidi. Usiku mmoja analetewa majeruhi. Ni Tayla, binadamu, na kazi yake maisha yote ni kuua mashetani. Ndani ya hospitali hiyo kuna uganga unaozuia ugomvi, mtu hawezi kumdhuru mwenzake hata akitaka. Daktari anamtibu.

"Huyo jini kasilimu?" aliuliza bi mkubwa mmoja aliyemleta mjukuu wake kusukwa.

"Hajasilimu, bibi. Ni daktari."

"Basi si haba."

"Na yule mwanamke alikuja kuwaua," msusi akadakia, "halafu wakamtibu bure?"

"Bure, dadangu. Hata kadi hawakumuuliza."

"Huyo si shetani. Shetani namjua mimi, alikaa kaunta akaniambia nilipe kwanza ndipo mwanangu aonwe."

Wakacheka, na mtu akakumbusha mgomo wa madaktari wa 2016 hadi 2017, siku mia moja nchi nzima, akasema huko kuzimu angalau hawagomi. Kisha ikaulizwa mahari. Kisha ikaulizwa watoto watafuata kwa nani. Kisha msusi, ambaye hakumaliza darasa la nane na hajasoma riwaya maishani mwake, akauliza swali ambalo sijalisikia kwenye mimbari wala altare: "Kwani kamuuliza kama anataka?"

Mwanafunzi akanyamaza. Akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena kwa macho. "Kamuuliza," akasema, "lakini kwa namna ambayo mtu hakatai."

"Hao nawajua," msusi akajibu, akaendelea kusuka.

Nauliza basi: ni wapi hapo shetani alipoingia? Nilichokiona ni wanawake watano wakihoji ndoa ya kubuni kwa ukali ambao ndoa zao wenyewe hazikuwahi kuhojiwa. Hakuna aliyeuliza kama yuko jini wa namna hiyo New York. Walijua ni uongo, wakaukaribisha kama uongo, wakaufanyia kazi. Na kadiri kisa kinavyosonga, Tayla anagundua kwamba yeye mwenyewe nusu yake ni shetani, kwamba damu aliyofundishwa kuimwaga inapita katika mishipa yake. Hapo saluni ilitulia kidogo. Kila mtu wa Likoni mwenye umri wa kutosha anakumbuka ilivyokuwa kuambiwa ghafla kwamba jirani si mwenzako.

Nitafika huko. Ila wakubwa wasinikatize kwa kusema kwamba wanawake wale ni wajinga wasiotofautisha ndoto na kweli. Wasiotofautisha ni wengine, na orodha yao ninayo.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi watu wakienda kazini, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuo. Walikufa 272. Feri iliyokadiriwa abiria mia tatu ilikuwa imepakia kama mia nne, nao wakajazana upande mmoja. Mpaka leo hukosi mtu barazani wa kukwambia kwa sauti ya chini kwamba bahari ilitaka kafara, kwamba mkondo ule una wenyewe, kwamba kuna aliyewaona. Huyo ndiye shetani ninayemwogopa mimi. Akishapewa maiti 272, hakuna tena wa kuulizwa nani alihesabu abiria, nani aliikagua feri, nani alisaini. Na mwaka huohuo wa 1994, ilipofika Oktoba, Rais Moi aliunda tume, Askofu Mkuu Nicodemus Kirima akiwa mwenyekiti, kuchunguza ibada za shetani nchini. Dola nzima, yenye polisi, mahakama na hazina, ikatoka kumsaka Ibilisi mashuleni na makanisani. Ripoti ilitoka hadharani 1999. Kama kuna msomi anayetaka kusoma hadithi za mashetani zilizoandikwa bila kipaji na kuaminiwa na watu wazima, aanzie hapo na awaache mabinti.

Mwaka 1995 ikawa zamu ya Unguja na Pemba. Popobawa, jini la usiku lenye mabawa, lililosemwa kuwaingilia watu vitandani. Watu walilala nje, makundi makundi, wamewasha moto. Katika taharuki hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani umempata popobawa mwenyewe. Hakuna riwaya iliyoleta umati ule. Ulikuja kwa habari iliyoenezwa mdomo kwa mdomo na kuapiwa kuwa kweli.

Mwaka 1997 zamu ikawa yetu. Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na majuma yaliyofuata zaidi ya watu mia moja wakauawa na maelfu kwa maelfu wakaihama Pwani, wengi wao watu wa bara waliokuwa majirani zetu. Vijana waliofanya uvamizi walikuwa wameapishwa msituni, Kaya Bombo likitajwa kila mara, na kupewa kinga za kuwalinda na risasi. Nyuma ya uganga huo palikuwa na siasa za uchaguzi wa Desemba, kama zilivyokuja kuelezwa mbele ya tume ya uchunguzi ya Jaji Akiwumi. Kijana aliyebeba panga usiku ule hakusoma *Demonica*, ambayo haikuwa imeandikwa. Aliamini kiapo. Laiti angekuwa amezoea tangu utotoni kusikia mambo ya mapepo yakisimuliwa kama hadithi, penye haki ya kucheka na kuuliza "kwani?", pengine aliyemwapisha angepata kazi zaidi.

Naendelea, ingawa nafsi haitaki. Kaunti ya Kilifi, mwaka baada ya mwaka, wazee wa kike na wa kiume wanauawa na jamaa zao kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ukichimba kidogo unakuta shamba la kugawana. Huko Ganze, Kaya Godoma, pamelazimika kuwa na hifadhi ya wazee waliokimbia wana wao. Na Shakahola, huko huko Kilifi, 2023. Watu waliaminishwa kwamba shule na hospitali ni kazi ya shetani, wakaingia msituni kufunga mpaka wafe, pamoja na watoto wao, na zaidi ya miili mia nne ikafukuliwa. Ebu pima. Katika riwaya ya yule Mmarekani mashetani wamejenga hospitali. Katika mahubiri ya kweli, yaliyohubiriwa kwa watu wa kweli huku huku Pwani, hospitali ndiyo iliyogeuzwa shetani. Kipi kati ya hivyo viwili kilistahili kupigwa marufuku mapema?

Ndiyo maana nikasema kosa la mhubiri na ustadhi lina makaburi. Nao si wauaji, Mungu apishe mbali. Lakini kila wanapomwambia binti kwamba maneno ya kubuni kwenye simu yanaweza kumwingiza pepo, wanamfundisha jambo moja: kwamba mashetani hawachezewi, hawasimuliwi, hawaulizwi maswali, huaminiwa tu. Ni mafunzo yaleyale anayoyahitaji mganga tapeli siku atakapomwambia mama yake huyo binti kwamba maradhi yametoka kwa bibi kizee wa nyumba ya tatu.

Muhammed Said Abdulla alikwisha kuliona. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyotoka 1960, maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali pa kuogopwa, na hofu ya watu ndiyo kificho bora cha muuaji. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, anakataa kuogopa mahali na kuanza kuuliza watu. Riwaya ile imejaa mzimu tangu jina lake, na hakuna iliyofanya zaidi kuwafundisha wasomaji wa Kiswahili kwamba panapotajwa pepo ndipo pa kutafuta alama za viatu. Bwana Msa na Imam Malik wangekaa kitako wakaelewana.

Mwalimu nisimtupe. Anasema wakati unapotea. Mimi nilinyang'anywa riwaya kidato cha pili, katika shule nisiyoitaja, na haikuwa ya mashetani bali Mills & Boon ya kawaida kabisa, daktari na muuguzi tu, wote binadamu. Juma lilelile niliiona mezani kwa walimu imekunjwa ukurasa wa katikati. Msichana anayemaliza kurasa mia nne za Kiingereza kwa hiari yake, akavumilia sentensi asizozielewa kwa sababu anataka kujua yule mtu atakufa au hafi, amefanya kazi ambayo kitabu cha kiada hakijapata kumfanyisha mtu. Ukitaka asome vingine, mpe vingine vinono. Likoni ina watu laki kadhaa. Niambie maktaba yao iko wapi, nasi tutaendelea na mazungumzo.

Na msomi wa kisiwani? Yeye na baba yake walisoma James Hadley Chase. Vitabu vile vilijaa kwenye meza za mitumba Mombasa nzima, majalada yake yakiwa na wanawake nusu uchi wenye bastola, na wanaume waliviweka mfuko wa nyuma wa suruali kama kitambulisho. Hakuna aliyesema Chase, Mwingereza aliyeiandika Marekani bila kuijua sana, hatuhusu. David Maillu alipoandika *After 4.30* mwaka 1974 Tanzania ilipiga vitabu vyake marufuku, na leo wasomi haohao wanamfanyia makongamano. Naona mtindo: kitabu cha uchafu kikisomwa na wanaume huitwa burudani, miaka thelathini ikipita huitwa fasihi. Kikisomwa na wanawake huwa mlango wa mapepo papo hapo.

Sasa niwape wapinzani wangu hoja ambayo wao wenyewe hawajaitumia, maana ndiyo yenye uzito. Ubaya wa mifululizo hii hauko katika pembe na mabawa. Uko katika yule mwanamume. Ni tajiri, ni mkubwa, ana hasira, anamfuata mwanamke asikotaka kufuatwa, anavunja mlango, anaamua kwa niaba yake, na kurasa mia tatu baadaye tunaambiwa hayo yote yalikuwa mapenzi. Shetani amewekwa pale ili mwandishi aweze kumsamehe mambo ambayo angeyafanya Juma wa Bofu tungempeleka kwa chifu. Vipo vitabu katika aina hii ambavyo mimi nimevifunga katikati kwa kuchukia, na vipo ambavyo havifai kabisa kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, si kwa sababu ya jini bali kwa sababu ya kitanda, ambacho kinaelezwa bila kuacha kitu. Mzazi anayesema hivyo yuko sawa nami niko upande wake.

Lakini tazama aliyeisema hoja hiyo kwanza. Ni msusi. Aliipata kwa sababu kisa kilisomwa kwa sauti, mbele ya watu, bila hofu. Binti anayesoma chini ya shuka, akijua kwamba akikamatwa atasomewa ruqya ya kumtoa jini, hana wa kumuuliza "kwani kamuuliza kama anataka?" Atabaki peke yake na yule mwanamume wa kwenye jalada, na hapo ndipo kitabu kinaweza kumharibu kweli. Kulaani ndiko kunakozima mjadala ambao ungemlinda.

Halafu kuna jambo ambalo walaani hawalijui, kwa kuwa wanatazama majalada ya Kiingereza tu. Aina hii ya hadithi imekwisha kuwa ya Kiswahili, tena zamani. Watengeneza filamu wa Dar es Salaam wameuza majini wenye mapenzi kwa miaka. Magazeti ya Eric Shigongo yalifundisha nchi nzima kungoja toleo lijalo kwa sababu ya neno moja tu pale chini, *itaendelea*. Sasa simulizi zinatembea kwenye Facebook na WhatsApp, sehemu ya 1, sehemu ya 2, mpaka sehemu ya 60, ukitaka zote kwa pamoja unatuma pesa kwa simu unatumiwa. Nusu yake, nakisia, zina jini ndani, na wengi wa majini hao wanapenda. Uandishi wake mara nyingi ni wa haraka, alama za mshangao zimemwagwa kama mchele harusini, na mhusika hulia kila sehemu. Hata hivyo zina kitu ambacho Larissa Ione hawezi kuwa nacho. Jini wa kwetu ana ukoo, ana dini au hana, anajua maana ya mawifi, na akitaka mke lazima apite kwa wazee.

Ninayoifuata mimi kwa sasa inaandikwa na mtu asiyetaja jina lake, ila kwa jinsi anavyoijua njia ya Mtongwe huenda tunapanda matatu moja. Jini wake anafanya kazi bandarini, zamu ya usiku. Ni mpole kupita kiasi kwa ladha yangu. Sehemu iliyotoka Ijumaa ilikatika pale baba wa msichana, mvuvi, alipomkalisha ukumbini, akamuwekea kahawa asiyoinywa, akamuuliza mambo matatu: wazee wako ni kina nani, mahari yako ni ya nchi kavu au ya baharini, na mwanangu akikuchoka, ataruhusiwa kurudi kwao? Chini yake imeandikwa *itaendelea*. Shilingi hamsini zangu nimeshatuma.